Kutarizi kwa Mkono: Mishono Sita Yatosha

Wasomaji wengine watashangaa kuona karani wa serikali akishika kalamu kuandika habari za sindano na uzi. Mimi mwenyewe zamani ningalishangaa. Nilisoma katika shule ya misheni mpaka sekondari, na huko wavulana tulipewa jembe na randa, na dada zetu wakapewa sindano. Nilipoajiriwa na kuletwa Voi, kifungo cha shati kikidondoka nilikipeleka kwa fundi sokoni. Leo naandika habari hizi kwa sababu mwaka mmoja uzi mwekundu ulitutia hasara kubwa nyumbani kwetu, na katika kujikwamua na hasara ile nilijifunza mambo ambayo nadhani yatawafaa wakulima na makarani wenzangu, na wake zetu na watoto wetu pia.

Kutarizi, au kudarizi kama wasemavyo wengine, ni kupamba nguo kwa sindano na uzi wa rangi. Watu wengi huiogopa kazi hii. Wakitazama kitambaa cha meza kilichojaa maua hudhani kwamba aliyekishona alijua mishono mia. Sivyo. Mishono ya kutarizi ni mingi, lakini mtu aliyeshika sita vizuri aweza kupamba nguo za watoto wake, foronya zake, mapazia yake na vitambaa vya viti vyake vyote, na kubakiza kazi ya kuuza.

Ushahidi wa jambo hili si mdogo. Huko Bayeux, katika nchi ya Ufaransa, kuna kazi ya kutarizi iliyofanywa katika karne ya 11, yenye urefu wa karibu mita 70. Inaonyesha watu, farasi, merikebu na vita vya mwaka 1066, wakati Uingereza ilipotekwa. Imeshonwa kwa uzi wa sufu juu ya kitani, na sehemu kubwa sana ya kazi yote ni ya namna mbili tu: mshono wa bua, ambao nitaueleza hapa chini, na namna ya kulaza nyuzi na kuzishikiza. Namna mbili zilitosha kwa vita vizima. Basi sita hazitatosha kwa foronya?

JINSI TULIVYOPATA HASARA

Mama watoto alikuwa katika chama cha akina mama wanaokutana kila Alhamisi alasiri. Mwalimu wao ni mama mmoja mzee wa Sagalla, ambaye sote humwita Nyanya, naye alijifunza kushona kwa wamisheni alipokuwa msichana. Jambo hilo si geni kwetu. Mmisheni J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883, na katika miaka iliyofuata shule za misheni katika milima ya Taita ziliwafundisha wasichana kushona pamoja na kusoma. Baadaye, mwaka 1952, kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake katika Kenya nzima, na sindano ikawa moja ya kazi za kwanza za vilabu vyake. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama hicho. Wanawake wengi wenye umri wa Nyanya walipata ujuzi wao katika njia hizo mbili.

Siku moja bwana mmoja wa Mwatate, aliyekuwa akimwoza binti yake, alimwagiza mama watoto vitambaa kumi na viwili vya viti na kitambaa kimoja kikubwa cha meza. Vyote viwe vyeupe, vyenye maua mekundu na majani ya kijani. Akatoa arbuni. Salio lake sisi tulikwisha kulipangia kazi: binti yetu wa kwanza alikuwa ameitwa shule ya bweni, na ada yake ilikuwa haijatimia.

Mimi ndimi niliyeshika daftari la hesabu. Niliona kwamba uzi mwekundu mzuri ulikuwa wa bei kubwa, na katika duka jingine kulikuwa na uzi mwekundu usio na karatasi ya jina, kwa bei isiyofika nusu. Nikamwambia mama watoto, "Nyekundu ni nyekundu. Nunua huu." Wahenga wamesema kwamba rahisi huvunja upishi, lakini siku ile sikuwakumbuka wahenga.

Akafanya kazi kwa majuma matano. Msomaji anayeijua Voi anajua vumbi letu, lile lile jekundu lipakalo ndovu wa Tsavo mpaka wakafanana na udongo. Hakuna kitambaa cheupe kinachokaa majuma matano hapa kikabaki cheupe. Kwa hiyo ilibidi vyote vifuliwe kabla ya kupelekwa. Alivitia katika beseni la maji ya moto na sabuni, akageuka kuchukua ndoo. Alipotazama tena, maji yalikuwa mekundu, na vitambaa vyote kumi na vitatu vilikuwa vimegeuka rangi ya waridi iliyochafuka, mabaka mabaka.

Hakupiga kelele. Aliketi juu ya kigoda, asiseme neno. Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni, naye alijua vizuri vitambaa vile vilikuwa vya nini. Mimi nilitamani kuwa mahali pengine.

Kesho yake tukapanda Sagalla kwa Nyanya. Alikitwaa kitambaa kimoja, wala hakutazama mbele. Alikigeuza akatazama nyuma yake, kisha akaniambia, "Karani, kosa hili si la sindano."

"Naam, Nyanya," nikasema. "Ni langu."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Majuma matatu."

"Basi leteni kitambaa kingine. Maua haya ya kujazwa uzi tupu hayawezi kwisha kwa majuma matatu. Tutashona mishono myepesi, na wewe utashona pia, na mwanao."

Ndivyo nilivyoingia katika darasa la sindano. Yafuatayo ndiyo tuliyofundishwa.

VYOMBO NA KITAMBAA

Kitambaa cha kuanzia kiwe cha pamba, kisiwe chepesi mno wala cha kunyumbuka. Bafta nzito au marekani yafaa. Kabla ya kukata, kifue kwa maji ya moto, kikauke, ukipige pasi. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, tena hurudi kikifuliwa. Ukitarizi kwanza na kufua baadaye, kitambaa kitarudi na uzi hautarudi nacho, na kazi yote itakunjamana.

Sindano ya kutarizi ina tundu refu ili uzi mnene upite. Sindano hizi zina nambari, na nambari ikizidi sindano huwa nyembamba zaidi. Nambari 7 yafaa kwa anayeanza. Ongeza mkasi mdogo wenye ncha kali, subana ya kukinga kidole, na duara la mbao la kushikia kitambaa. Duara ni pete mbili, moja ndani ya nyingine. Kaza mpaka kitambaa kikigongwa kwa kidole kilie kama ngoma. Ukimaliza kazi ya siku liondoe duara, lisije likaacha alama.

Uzi wa kutarizi huuzwa katika mafungu madogo. Fungu la kawaida la uzi wa pamba lina urefu wa mita 8, na uzi wenyewe una nyuzi nyembamba sita zilizolazwa pamoja. Haifai kushona kwa zote sita isipokuwa kazi ni nene sana. Chomoa mbili au tatu, moja baada ya moja, kisha uziunganishe. Ukizivuta zote kwa pamoja zitajifunga fundo. Kipande chako kisizidi urefu wa toka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko. Mvivu hukata uzi mrefu ili asitunge sindano mara nyingi, na mwisho hutumia muda wake wote kufungua mafundo.

JARIBU RANGI KWANZA

Hapa ndipo penye fungu la maneno nililolinunua kwa hasara. Uzi mzuri wa pamba hupitishwa katika dawa kali kiwandani, kwa njia aliyoipatia hati ya uvumbuzi Mwingereza John Mercer mwaka 1850. Dawa hiyo huupa uzi nguvu na mng'ao, na huufanya uinywe rangi vizuri. Rangi yenyewe nayo sharti iwe ya kudumu. Uzi wetu wa bei rahisi ulikuwa na rangi iliyokaa juu juu tu.

Kabla ya kushona hata mshono mmoja, kata kipande cha kila rangi, hasa nyekundu, nyeusi na buluu iliyoiva. Kichovye katika maji ya moto yenye sabuni. Kisha kikunje ndani ya kitambaa cheupe kilicho kibichi, ukandamize kwa pasi ya moto. Fungua utazame. Kukiwa na alama ya rangi hata kidogo, uzi huo usiutumie juu ya nguo nyeupe, uwe wa bei gani. Jaribio hili huchukua dakika tano. Sisi tulipoteza majuma matano kwa kutolifanya.

Wako wasemao kwamba chumvi au siki huzuia rangi isitoke. Uzi uliotiwa rangi vibaya hautaponywa na chumvi, basi usiitegemee dawa hiyo. Na ikiwa rangi imekwisha kutoka, usiache kitambaa kikauke, wala usikipige pasi, kwa maana joto huikaza rangi mahali isipotakiwa. Kitie katika maji baridi, uyabadilishe mara nyingi mpaka yabaki safi. Pengine utakiokoa. Sisi hatukujua hayo, tulivianika juani.

MISHONO SITA

Wa kwanza ni mshono wa bandi. Sindano huzama na kuibuka, huzama na kuibuka, ikisafiri mbele katika mstari. Mishono ya juu iwe na urefu mmoja, na nafasi kati yake ziwe na urefu mmoja. Mtoto wa miaka saba aweza kujifunza kwa nusu saa. Ukitaka kuupamba zaidi, twaa uzi wa rangi ya pili uupitishe chini ya kila mshono bila kuchoma kitambaa, ukiuzungusha. Mstari utaonekana kama kamba ya rangi mbili. Hii ndiyo kazi niliyopewa mimi, nami nilitarizi kingo za vitambaa vingi kwa njia hii.

Wa pili ni mshono wa kurudi nyuma. Sindano huibuka hatua moja mbele, kisha hurudi nyuma kuzama pale mshono uliopita ulipoishia. Mstari wake hauna nafasi, nao ni imara. Wafaa sana kuandika majina na herufi juu ya leso, foronya na sare za shule.

Wa tatu ni mshono wa bua, ule wa Bayeux. Huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Sindano huzama hatua moja mbele, na huibuka tena katikati ya hatua hiyo, kando ya mshono uliotangulia. Siri yake ni moja: uzi ubaki upande ule ule wa sindano siku zote, ama chini daima, ama juu daima. Ukichanganya, kamba yako itakatika. Kwa mshono huu hushonwa mabua ya maua, matawi na kila mstari uliopinda.

Wa nne ni mnyororo. Sindano huibuka, kisha huzama katika tundu lile lile, na huibuka hatua moja mbele, uzi ukiwa umepita chini ya ncha yake. Vuta polepole mpaka kitanzi kilale juu ya kitambaa. Usikaze, kwa maana kitanzi kilichokazwa si pete ya mnyororo tena, ni mstari tu. Pete ya mwisho hushikizwa kwa mshono mdogo unaovuka juu yake. Na hapa kuna zawadi: pete moja pekee iliyoshikizwa ni jani la ua. Panga pete tano kuzunguka nukta moja, umepata ua zima kwa dakika chache. Maua ya namna hii ndiyo yaliyookoa oda yetu.

Wa tano ni mshono wa blanketi. Huu ni wa ukingoni. Sindano huzama ndani ya kitambaa na kuibukia ukingoni, ikipita juu ya uzi, hata kila mshono humshika mwenzake. Huzuia ukingo usifumuke na huupamba pia. Mishono hiyo ikibanana pasiwe na nafasi, ndiyo ile ishonwayo kuzunguka tundu la kifungo.

Ndugu zetu wa pwani wana kazi iliyo jirani na hii. Kofia ya viua, ivaliwayo kutoka Lamu mpaka Unguja, hupambwa kwa matundu madogo sana yaliyozungushiwa uzi kwa mishono ya kubanana, moja baada ya jingine, hata kofia nzima ikajaa nakshi. Kofia ya Waomani, iitwayo kumma, ni ndugu yake. Kofia moja nzuri yaweza kuchukua majuma mengi. Nami nawaambia wanaume wenzangu wanaoona haya kushika sindano, kwamba huko pwani wako wanaume wanaozishona kofia hizo, wala hakuna anayewacheka.

Wa sita ni msalaba. Mishono miwili hupishana kama alama ya kuzidisha. Shona safu nzima ya mistari iliyolalia upande mmoja, kisha rudi ukishona iliyolalia upande wa pili. Mistari ya juu yote sharti ielekee upande mmoja, ama sivyo kazi huonekana kama imechanwa. Mshono huu wataka kitambaa kinachohesabika nyuzi zake, au kitambaa cha mirabaraba ambacho kila mraba hupata msalaba wake. Hata gunia safi, likishonwa kwa uzi wa sufu, hutoa mkeka mzuri wa mezani.

Uko pia mshono wa kujaza, ambao nyuzi hulazwa kando kando mpaka jani lote lifunikwe. Ni mzuri kwa macho, lakini hula uzi na muda, na nyuzi zake zikiwa ndefu hunaswa na vidole na vifungo. Uache kwanza. Utakapoujaribu, usijaze jani lililo pana kuliko ukucha wa kidole gumba.

Nyanya alikuwa na sheria moja juu ya mishono yote: fundo ni marufuku. Mwanzoni acha mkia wa uzi nyuma ya kitambaa, na mishono ya kwanza iufunike. Mwishoni pitisha sindano chini ya mishono mitatu au minne ya nyuma, ukate. Fundo hutokeza likipigwa pasi, na siku moja hufumuka. Ndiyo sababu yeye hutazama nyuma ya kazi kabla ya mbele.

MICHORO TUNAYO WENYEWE

Mama watoto alikuwa akinakili maua kutoka katika vitabu vya ng'ambo, maua ambayo hayaoti Voi wala Wundanyi. Nyanya hakumkataza, lakini alikwenda chumbani akaleta kikapu cha mkonge. Akasema, "Hesabuni."

Vikapu vya mkonge vya Kasigau na Sagalla vinajulikana mbali kwa nakshi zao: mistari ya kuzunguka, pembetatu zilizopangwa, na njia zinazopinda kama barabara ya kupanda mlima. Tulihesabu vifundo vya nakshi moja na kuvichora katika karatasi ya miraba, kila kifundo mraba mmoja. Kisha kila mraba ukawa msalaba mmoja wa uzi. Kitambaa cha meza cha harusi kilipata mkanda wa namna hiyo kuzunguka kingo zake zote nne, mwekundu na kijani, na hakikuhitaji kitabu cha mtu yeyote. Msukaji wa vikapu aliye nyumbani mwako, awe mama yako au shangazi yako, ana michoro ya kutosha kwa miaka kumi. Muulize na umpe heshima yake.

Kwa michoro ya kupinda, chora kwa penseli nyepesi, au weka karatasi yenye mchoro nyuma ya kitambaa, uvishike pamoja mbele ya dirisha lenye jua, ukafuate mistari. Usitumie karatasi ya kaboni ya vitabu vya risiti. Mimi kwa ukarani wangu niliipendekeza, nayo ikatia kitambaa kimoja weusi tusioweza kuutoa.

HESABU YA KAZI

Sasa nasema na wenzangu wenye daftari. Akina mama wengi wakiuza kitambaa huhesabu bei ya kitambaa na bei ya uzi, wakaongeza kidogo, wakadhani wamepata faida. Nilipoanza kuandika saa, niliona kwamba kitambaa kimoja cha kiti chenye maua ya pete na kingo za bandi kilimchukua mama watoto saa sita. Kile cha kwanza, chenye maua ya kujazwa, kilimchukua zaidi ya saa kumi na mbili, na bei ilikuwa ile ile. Alikuwa akiuza nusu ya siku zake bure.

Basi andika mambo manne kwa kila kazi: kitambaa, uzi, saa, na nauli ya kupeleka. Amua saa moja ya mkono wako ina thamani gani, usiione haya. Ndipo utaje bei. Mnunuzi akisema ni ghali, mwonyeshe mchoro ulio mwepesi zaidi, bali usipunguze thamani ya saa. Tena twaa arbuni inayotosha kununua uzi ulio mzuri, ili asiwepo karani wa kukushauri ununue mbaya.

Voi ni njia panda. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapa tangu mwisho wa karne ya 19, na barabara ya Taveta hutengana hapa na ile kubwa ya Nairobi. Wasafiri hawakosi. Lakini msafiri hununua kilicho safi na kilichokamilika. Wala asiachwe bila maneno haya: kifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, kianikwe kivulini upande wa nyuma ukiwa juu, na kipigwe pasi kwa nyuma juu ya taulo, ili mishono isilale.

MWISHO WA MAMBO

Msomaji atataka kujua habari za harusi. Siku yenyewe tulipeleka kitambaa cha meza na vitambaa vinane vya viti. Vinne vilivyobaki tulivimaliza juma lililofuata. Yule bwana wa Mwatate hakufurahi, akapunguza kiasi katika malipo, nami sikuona neno la kumjibu, kwa kuwa ahadi ilikuwa yetu. Pesa tulizopata hazikutimiza ada yote. Shule ilikubali kumpokea binti yetu, salio likangoja muhula wa pili, na hilo nalo lililipwa kwa sindano, kwa maana habari za kile kitambaa cha meza zilifika kwa watu waliokiona.

Vile kumi na vitatu vilivyoharibika hatukuvitupa. Vingine ni vitambaa vya jikoni. Kimoja mama watoto hufungia nyuzi zake, na kila ninapoingia nyumbani na ushauri wa bei hukiweka mezani mbele yangu, bila neno.

Likizo ya kwanza binti yetu alirudi na leso aliyoitarizi mwenyewe kwa mshono wa kurudi nyuma, jina lake pembeni na ua la pete tano juu yake. Nilipoipokea nilitaka kulisifu ua. Akaniambia, "Baba, geuza kwanza." Nikageuza, nikatafuta fundo kwa kidole. Halikuwapo.